Japani Hakuendwi kwa Kujuana

Kaka yangu Ketill ana dawa moja ya matatizo yote. "Yatajipa." Paa likivuja, yatajipa. Gari likigoma kuwaka asubuhi ya theluji, yatajipa. Wala hapa Iceland si yeye peke yake. Sote tumelelewa na neno hilo. Hali ya hewa yetu hubadilika mara tatu kabla ya kahawa ya asubuhi, sasa mtu apange nini? Tunapanga kidogo, na mengine tunayaacha yajipange.

Lakini kuna mambo hayajipi, na hili la Svala lilikuwa mojawapo.

Mimi naitwa Kolbrún. Nina saluni hapa Neskaupstaður, karibu na bandari. Watu wanasema nina mdomo, nami sikatai. Svala ni mtoto wa kaka yangu, na shangazi asiyesema ni shangazi wa nini?

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa nilikuwa kwao kwa chakula cha jioni. Wifi yangu Oddný alikuwa amechemsha samaki na viazi, kama kila Jumatatu. Svala hakuwa anakula. Alikuwa akiviringisha kiazi kwenye sahani.

"Una nini wewe?" nikamwuliza.

"Nataka kwenda kusoma Japani, Shangazi," akasema. "Mwaka mmoja. Nikae na familia ya kule, niende sekondari ya kule."

Oddný akaweka uma chini. Ketill akaendelea kutafuna.

Japani haikumjia msichana huyu ndotoni. Kila mwisho wa baridi, meli zetu zinapoleta wale samaki wadogo wenye mayai, wakaguzi huja kutoka Japani hadi kiwandani kwetu. Wanayakagua mayai kabla ya kuyanunua. Svala hufanya kazi pale siku za likizo. Mkaguzi mmoja, Bwana Kuwabara, mtu mpole mwenye miwani, alianza kumfundisha maneno wakati wa mapumziko. Yalianza na salamu. Sasa binti anajisomea kila siku, na anaandika herufi zao nzuri kuliko anavyoandika zetu.

"Basi utakwenda," Ketill akasema. "Kuwabara namjua. Mimi ndiye niliyemtengenezea kipasha joto cha chumba chake alipokuwa hapa! Nitampigia simu tu. Yatajipa."

"Simu tu?" nikamwambia. "Mtoto anakwenda upande wa pili wa dunia, wewe unasema simu tu?"

"Dada, dunia ni kujuana."

Simlaumu sana. Nchi yetu ina watu wachache. Waziri anaweza kuwa alikaa dawati moja na binamu yako. Ukitaka jambo, unamtafuta anayemjua anayehusika, mnakunywa kahawa, mambo yanakwisha. Ketill ni fundi wa mitambo katika meli ya uvuvi, na maisha yake yote yamekwenda hivyo. Akadhani na Japani ni hivyo hivyo.

Kesho yake akapiga simu. Jioni akaja saluni kifua mbele.

"Amekubali!"

"Amesemaje hasa?" nikauliza.

"Nilimwambia, Bwana Kuwabara, binti yangu aje akae kwako, umpeleke shule ya jirani. Akavuta pumzi kwa meno, hivi, sss. Akanyamaza. Halafu akasema ni jambo la kulifikiria sana. Nikamshukuru."

"Ketill, hapo neno 'ndiyo' liko wapi?"

"Hajasema hapana! Na tiketi nimeshanunua, ilikuwa bei ya chini."

Svala alifurahi mno. Aliwaambia wenzake darasani, mwalimu wake, hata muuza mikate. Mimi roho haikutulia, lakini sikujua la kusema. Mambo ya Japani nilikuwa siyajui hata kidogo.

Jumamosi tukaenda kuogelea, kama watu wote wa hapa. Kusema kweli kuogelea ni kisingizio. Watu huenda kukaa kwenye bwawa dogo la maji moto na kuzungumza. Mvua ilikuwa inanyesha vichwani mwetu, na miili iko kwenye joto mpaka shingoni. Serikali inapinduliwa na kusimikwa kwa mdomo mle kila Jumamosi.

Ketill akatangaza habari zake kwa sauti. Watu wakampongeza Svala. Mtu mmoja tu hakupongeza. Huyo alikuwa jirani yao Ingunn, mwenye duka la maua. Binti yake aliwahi kusoma mwaka mmoja Japani, na Ingunn mwenyewe hujitolea katika chama kinachobadilishana wanafunzi kati ya nchi na nchi.

"Ataingia Japani kwa viza gani?" Ingunn akauliza.

"Sisi hatuhitaji viza kule," Ketill akajibu. "Unagongewa muhuri uwanja wa ndege, unapita."

"Huo ni muhuri wa mtalii, Ketill. Mtalii anapiga picha, anakula, anarudi kwao. Haandikishwi shule. Mtoto atafika na masanduku yake, shule itamfungia mlango. Akikaa kupita muda wake, atafukuzwa nchini. Tena itamharibia hata siku nyingine akitaka kurudi."

Svala akakaa wima ndani ya maji.

"Lakini Kuwabara amekubali," Ketill akasema.

"Alijibuje?"

Ketill akarudia hadithi yake, pamoja na ile pumzi ya kwenye meno. Ingunn akafumba macho.

"Kaka, hiyo ni hapana. Mzee wa watu amekukatalia kwa adabu zote. Kule mtu hakurushii hapana usoni. Anavuta pumzi, ananyamaza, anakuachia uelewe mwenyewe."

Mzee mmoja pembeni akacheka mpaka akameza maji. Ketill akawa mwekundu, na si kwa joto la bwawa.

"Pengine hana nafasi nyumbani," Ingunn akaendelea. "Pengine mkewe mgonjwa. Wewe unajua? Umewahi kumwuliza ana watoto wangapi?"

Ketill hakujua.

"Basi siendi," Svala akasema polepole.

"Nani kasema huendi?" Ingunn akamgeukia. "Nimesema huendi kwa njia hiyo. Iko njia nyingine, na wala si ya siri. Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Alama zako shuleni?"

"Za kawaida. Hisabati ndiyo inanitesa."

"Za kawaida zinatosha. Hawatafuti malaika." Kisha nikaona uso wa Ingunn umebadilika. "Kuna jambo moja tu. Kila chama kina umri wake, na chetu ukipita umri hakikupokei kwa mpango wa sekondari. Mwaka wa shule Japani unaanza mwezi wa nne, kwa hiyo wanafunzi huondoka mwezi wa tatu. Ukikosa safari ijayo, inayofuata itakukuta umeshapita umri. Na maombi ya safari ijayo yanafungwa Ijumaa."

"Ijumaa gani?" nikauliza.

"Hii inayokuja."

Svala akatoka majini, akaenda zake, nywele zinachuruzika. Mvua ile ile, lakini mimi niliona ameanza kulia. Nikamgeukia kaka yangu.

"Yajipe sasa tuone!"

Oddný ndiye aliyezungumza, na Oddný huwa hasemi sana.

"Ingunn, tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia jikoni kwenu," Ingunn akasema. "Vaeni nguo."

Nusu saa baadaye tulikuwa mezani, kahawa iko tayari. Ingunn akaeleza taratibu, na mimi nitawaeleza kama nilivyomsikia. Mwanafunzi wa sekondari hajipeleki mwenyewe. Anapitia chama cha kubadilishana wanafunzi, au shule yake kama ina shule rafiki kule Japani. Chama ndicho kinachotafuta shule itakayompokea na familia itakayomlea. Aliyemaliza sekondari ana njia zake nyingine: chuo kikuu kinachobadilishana wanafunzi na chuo cha kule, au shule ya lugha. Zipo pia nafasi za kulipiwa masomo, na ubalozi wa Japani hueleza mambo hayo bure.

"Nitajuaje chama cha kweli na cha matapeli?" Oddný akauliza.

"Swali zuri hilo, wifi," nikasema.

"Ulizia shuleni, uliza ubalozini, uliza waliokwenda," Ingunn akajibu. "Chama cha kweli kina watu huku na kina watu kule. Kinamhoji mtoto, kinakuja mpaka nyumbani kwenu. Anayekwambia lipa leo uende kesho, mfungie mlango."

"Na kama hatuna uwezo wa kulipa zote?"

"Uliza mapema kuhusu msaada. Watu wengi wanaona haya kuuliza, halafu msaada unabaki pale pale."

Svala alikuwa amesimama mlangoni, taulo kichwani.

"Nahitaji nini?" akauliza.

"Kaa, mwanangu. Shule yako ikupe matokeo yako na ruhusa ya kuwa nje mwaka mzima. Mwalimu mmoja anayekujua akuandikie barua. Daktari akupime, meno yaangaliwe, chanjo ziandikwe. Wazazi wako wote wawili waweke sahihi. Na wewe uandike barua kwa familia ambayo bado huijui."

"Kwa Kijapani?"

"Kiingereza kinatosha. Ukiweza kuweka sentensi mbili za Kijapani, wataona umejitahidi."

Mwenzangu, wiki ile! Jumatatu Oddný alimfukuzia mwalimu mpaka kwenye maegesho ya magari. Jumanne Svala alikaa kwenye kiti cha daktari wa meno mdomo wazi. Mimi nilifunga saluni mapema nikampiga picha za maombi akiwa na familia. Picha ya kwanza wote walikuwa wamenuna kama wako mahakamani. Nikawaambia, "Jamani, hao watu wanataka kumpokea mtoto wenu, si kuwafunga. Chekeni!" Ketill alicheka kwa shida, lakini alicheka.

Jumatano tukagombana. Svala ana pumu. Si kali, lakini ipo, na manyoya ya paka huiamsha vibaya.

"Usiiandike," Ketill akasema. "Pumu yenyewe ndogo. Wakiiona watasema mgonjwa, watamkataa."

Ingunn aligonga meza mpaka vijiko vikaruka.

"Thubutu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Unataka alazwe nyumba yenye paka watatu, usiku ashindwe kupumua, na mama wa nyumba hajui aite nani?"

"Sikufikiria hivyo," Ketill akasema.

"Ndiyo fikiria sasa. Ugonjwa ukiandikwa, wanatafuta nyumba isiyo na paka. Ukifichwa, anarudishwa nyumbani kwa kudanganya. Na dawa zake ziandikwe majina. Dawa nyingine zinazouzwa huku, kule haziingii bila ruhusa. Inabidi kuuliza kabla ya safari."

Pumu ikaandikwa. Dawa nazo zikaandikwa.

Barua kwa familia ndiyo iliyomtesa Svala. Ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Jina lake, mji wake, ndugu zake, basi. Hapa kwetu mtu akijieleza sana anaonekana anajisifu.

"Hii ni barua ya nani?" Ingunn akamwuliza. "Sioni mtu humu. Unafanya nini asubuhi?"

"Napika uji, maana Mama ana zamu za mapema."

"Andika. Unapenda nini?"

"Kuimba kwaya. Na kuteleza kwenye theluji, lakini huwa naanguka."

"Andika na kuanguka. Familia haitafuti bingwa. Inataka kujua itakaa na nani mezani."

Svala akaandika upya. Aliandika hata kwamba akikasirika hununa, na kwamba dawa yake ni kuachwa dakika chache kisha kuitiwa chakula. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Yule ndiye Svala ninayemjua.

Alhamisi mchana kila kitu kilikuwa kimekamilika, na Ketill mwenyewe akabonyeza kitufe cha kutuma. Kisha akakaa kwenye kiti akapumua kwa nguvu. Tulikuwa tumewahi.

Lakini kutuma maombi si kukubaliwa. Wiki mbili baadaye ukaja usaili. Ingunn hakuruhusiwa kumhoji mtoto wa jirani, kwa hiyo chama kilimtuma mtu mwingine, bwana aitwaye Hávar, kutoka mji wa Egilsstaðir. Alivua viatu mlangoni, akapewa kahawa na chapati zetu nyembamba za sukari. Nilikuwepo. Nani angenizuia?

Hávar hakuuliza habari za alama. Alimtazama Svala.

"Huku unaendesha gari?"

"Ndiyo, leseni ninayo."

"Kule huendeshi. Kibarua pia hufanyi bila ruhusa. Mama wa nyumba akisema urudi kabla ya chakula cha jioni, unarudi. Kuoga kunaweza kuwa kwa zamu, na maji ya beseni kubwa la kuogea ni ya wote, kwa hiyo unajisugua kwanza nje ya beseni."

"Hilo sisi tunafanya bwawani," Svala akasema. "Asiyejisugua tunamfukuza."

Hávar akacheka. Kisha akauliza swali gumu.

"Ni mwezi wa pili wa kukaa kule. Darasani huelewi kitu. Wenzako wanazungumza, wewe umekaa kama jiwe. Utafanya nini?"

Svala akafikiri. Oddný alianza kukunja kitambaa cha meza. Mimi nilijiuma ulimi nisimjibie.

"Nitalia kidogo," Svala akasema mwishoni. "Halafu nitamwuliza mtu mmoja neno moja. Kesho yake jingine. Kiwandani nilianza hivyo hivyo."

Hávar akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kitu. Akawageukia wazazi.

"Na ninyi? Mwaka mzima. Si vizuri kumpigia kila siku, maana atabaki huku kichwani. Mtaweza?"

"Tutaweza," Oddný akasema.

Ketill alikuwa anaangalia mikono yake mikubwa ya ufundi. Halafu kaka yangu, ambaye hajawahi kukiri kuogopa hata meli ikiwa imelala ubavu, akasema:

"Mimi naogopa. Toka jioni ile alipotuambia mezani naogopa. Nilisema yatajipa kwa sababu ukianza kupanga, ujue mtoto anaondoka kweli."

Svala akamtazama baba yake kama hajawahi kumwona.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Ungeacha."

"Nisingeacha," Svala akasema. "Lakini ningejua."

Nilidhani tumekwisha. Nikajisemea, Ketill kaharibu. Lakini Hávar alifunga karatasi zake, akanywa kahawa yake mpaka chini.

"Mzazi asiyeogopa huwa hajaelewa," akasema. "Mimi wasiwasi wangu huwa kwa wanaosema hakuna shida."

Wiki iliyofuata jibu likaja. Amekubaliwa. Oddný alipiga kelele saluni kwangu mpaka mteja wangu akaruka, nikamkata nywele vibaya upande mmoja. Nilimpunguzia bei. Ningemkata bure kabisa siku ile.

Tiketi aliyonunua Ketill ilikwenda bure, maana chama huwasafirisha wanafunzi wote pamoja. Alinung'unika siku mbili, akanyamaza. Akamwandikia pia Bwana Kuwabara, akamwomba radhi kwa kumbana. Akamwuliza habari za mkewe na watoto. Jibu lilirudi refu kuliko barua yenyewe. Mkewe kweli alikuwa hospitali, na sasa ameanza kupata nafuu. Alifurahi sana kusikia kwamba Svala amepata njia iliyonyooka.

Baridi nzima Svala alisoma lugha. Kisha tukangoja familia. Wanafunzi wengine walipata zao mapema, Svala bado. Hapo Ketill akaanza kuwashwa vidole.

"Nina binamu wizara ya mambo ya nje," akasema. "Nikimpigia tu..."

Oddný akachukua simu akaiweka mfukoni mwa aproni.

"Ngoja kama wengine," akamwambia.

Tukangoja. Siku moja ya theluji nzito, barabara imefungwa, habari zikaingia. Familia imepatikana. Ni akina Minowa, wakulima wa matufaha huko Nagano. Mama, baba, bibi, na binti wa rika la Svala. Hawana paka wala mbwa. Waliandika kwamba waliichagua barua ya Svala kwa sababu bibi alicheka aliposoma habari ya kununa.

"Nagano iko mbali na bahari?" Ketill akauliza, akitazama ramani. "Mtoto wangu ataishi bila bahari?"

"Ataishi na milima," nikamwambia. "Milima anaijua."

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Chama cha Japani na shule ya kule viliomba kibali idara ya uhamiaji ya nchi yao. Hicho ndicho cheti kinachosema kwamba serikali inakubali huyu aje kama mwanafunzi. Kilipofika kwetu, Oddný na Svala wakapanda ndege kwenda mji mkuu, Reykjavík, kwenye ubalozi wa Japani, wakiwa na cheti, pasi, picha na karatasi ya maombi. Viza ya mwanafunzi ikabandikwa kwenye pasi. Bima ya afya ikakatwa. Daktari akaandika barua ya dawa, na wakauliza kwanza kama zinaruhusiwa. Zikaruhusiwa.

Waliporudi, Svala aliniletea pasi saluni. Akafungua ukurasa ule, nikautazama muda mrefu. Sikuelewa herufi hata moja. Lakini miezi yote ile ilinishuka mabegani kwa mara moja, nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shangazi, unalia?"

"Ni dawa ya nywele hii. Nenda zako."

Mwezi wa tatu akaondoka. Ketill alikuwa amerudi kutoka baharini. Alimbeba begi mpaka mlango wa mwisho, akasimama pale hata baada ya mlango kufungwa.

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi, nisiwadanganye. Svala aliandika kwamba alilia kweli, mara mbili, mara ya pili chooni shuleni. Viatu alikuwa akisahau kuvivua mahali fulani na kuvivaa mahali fulani. Bibi Minowa alizungumza lahaja ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Msichana wa dawati la jirani ndiye aliyekuwa akiulizwa neno moja kila siku, na baada ya muda akawa anamletea Svala maneno mwenyewe bila kuulizwa.

Mwezi wa tano mwishoni, siku tuliyopanga kupigiana simu ya video ilifika. Tulikaa watatu sebuleni mbele ya kompyuta. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni. Svala akatokea, mashavu yamechomwa na jua, taulo ndogo shingoni. Siku nzima walikuwa shambani wakipunguza matufaha machanga ili yanayobaki yanenepe.

"Unakula?" Oddný akauliza.

"Nakula mno, Mama."

"Kifua?"

"Kizima. Mama Minowa anajua dawa iko wapi, na mwalimu pia anajua."

Tukapumua. Alipotaka kuendelea, Bibi Minowa alipita nyuma yake na sahani, akasema kitu. Svala akageuka, akamjibu kwa Kijapani haraka haraka, bila kufikiri. Bibi akamjibu tena. Svala akacheka kile kicheko chake cha kweli, cha kurusha kichwa nyuma, mpaka akalazimika kushika meza. Bibi naye akacheka, akampiga begani kwa taulo.

Walicheka, na kwa muda kidogo Svala alisahau kabisa kwamba sisi tupo.

"Wanacheka nini?" Ketill akanong'ona.

"Sijui," Oddný akasema.

"Nami sijui," nikasema.

Ketill aliendelea kutazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

"Afadhali," akasema. "Ana watu."

Kisha akainuka kwenda kuteleka kahawa, akatuachia simu tuzungumze.